Mawe ya Bwana Niliyoyasugua

Kinondoni, Alhamisi, baada ya Isha

Alhamdulillahi, kazi bado ninayo.

Mawe ya matumbawe aliyoyaokota Bwana wangu, mtafiti wa mambo ya bahari, pwani ya Msasani, asubuhi niliyasugua kwa mchanga na kumbi la nazi mpaka yakang'aa. Yalikuwa na utelezi wa kijani, nikaona aibu kuyaacha hivyo mezani kwake.

Aliporudi akashika kichwa. "Juma! Umenimalizia mwani wangu!"

Ramadhani inaingia, watoto hawana nguo, na mie nafukuzwa kwa sababu ya usafi...

Akavunja jiwe moja kwa nyundo. Ndani, chini kidogo ya ngozi yake, mstari wa kijani kibichi! Akatia kipande kwenye dawa kali. Kikatoa povu, jiwe likayeyuka, zikabaki nyuzi za kijani, laini kuliko nywele za kichanga. Akazitazama kwa hadubini, akafananisha na picha za kitabuni, akacheka.

"Ndio huu mwani ninaoutafuta. Unatoboa jiwe na kukaa ndani. Kumbi lako haliufikii."

Akanipisha nichungulie. Subhanallah, matawi matupu!

Nilipomsimulia jioni, mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. "Baba Zuhura, hata jiwe nalo uliogeshe?"

Kesho namletea mengine kutoka pwani, na utelezi wake. Sijui mikono yangu itavumiliaje kutoyasugua.