Jumapili ya Nane

Mwimbi,
11 Januari 1976

Mwanangu mpendwa Emerensiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima huko Tabora na masomo ya ualimu yanakwenda. Sisi hatujambo, ila kifua kinanisumbua. Juma lililopita nilipanda lori hadi hospitali Sumbawanga, wakanipiga picha. Mambo ya uzee hayo. Shangazi yako Albina anakusalimu. Bado amenuna kwamba kijiji kipya kimetupanga mistari kama gwaride, lakini mahindi yamesimama vizuri.

Umeniomba tucheze tena mchezo wetu wa jikoni: mimi naweka hatari mbele yako, wewe unasema utafanya nini kabla sijamaliza kukunja vidole saba. Kwa barua itabidi tupange upya. Kila Jumapili nikitoka kanisani nitakunja kidole kimoja. Barua inakula wiki mbili kwenda na mbili kurudi, kwa hiyo una Jumapili tatu za kufikiri. Ya saba ikipita bila jibu, umekwisha.

Haya. Unapanda mteremko kutoka Mtowisa kuja huku juu. Mvua inanyesha, mto nyuma yako umefurika. Uko na mzee ambaye miguu imemwishia. Kule juu lori la mwisho linanguruma, tayari kuondoka. Ukibaki na mzee, lori linakuacha. Unafanya nini?

Baba yako,
Urbano

Mwimbi,
15 Februari 1976

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Mimi hivyohivyo, nakohoa.

Leo nimekunja cha tano na barua yako sijaiona. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nikifika sita nakwama makusudi, sita na robo, sita na nusu, nawe unacheka huku unalia. Marehemu mama yako akisema nakudekeza. Safari hii siongezi hata robo.

Mzee amekaa kwenye jiwe, analowa. Hakuombi kitu. Anakutazama tu aone utafanyaje.

Jibu upesi, mama.

Baba yako

Tabora,
7 Machi 1976

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima wa afya, hofu ni kwenu. Kifua vipi? Picha ilisemaje? Hukuniambia.

Najua, leo ni Jumapili ya nane, nimekwisha! Barua zako zote mbili nilizipata. Tulikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, watoto tisini darasa moja, jioni sina hata sauti. Nikasema moyoni, Baba ataongeza. Hujawahi kunimaliza hata siku moja, usijifanye mkali leo.

Jibu langu ndilo hili: namwacha mzee palepale kwenye jiwe. Nampa mwavuli na mkate wangu, nakimbilia lori. Usinune! Huyo ni mzee wa mchezo, na mimi nina mtihani wa kweli mwezi wa tano. Juni nakuja na cheti mkononi, utanihesabia mpaka mia.

Msalimie Shangazi, mwambie aache kununa.

Binti yako,
Eme

Mwimbi,
22 Machi 1976

Mwanangu Eme,

Tumsifu Yesu Kristo. Usishangae mwandiko, mkono umekuwa mzito.

Barua yako nimeipata jana, nikacheka mpaka Shangazi akaja kuuliza kuna nini. Kwa sheria ulikwisha, lakini mwamuzi ni mimi, nami nasema umewahi. Lori limekungoja. Umechagua vyema, mzee mwenyewe angekwambia ukimbie.

Picha haikuonyesha jambo la maana. Usije kabla ya Juni, barabara zimeharibika sana. Soma, mama.

Baba yako

Mwimbi,
25 Aprili 1976

Baba,

Shikamoo.

Shangazi ananitazama, anadhani nimerukwa na akili, namwandikia mtu aliyezikwa. Lakini mimi na wewe tulizoea kuongea hivi, na njia nyingine siijui.

Barua yako ya mwisho na simu ya maandishi ya Shangazi vilinifikia siku moja. Nilisoma simu kwanza. Treni hadi Mpanda, kisha lori likazama kwenye tope, tukalala njiani siku mbili. Nilipofika walikuwa wameshakuzika, juma zima limepita. Kitanda chako Shangazi ameshakianika nje.

Amenieleza yote. Daktari alikuambia mwezi ule wa kwanza kwamba huoni miezi mitatu, uweke nyumba yako sawa. Ukarudi hapa, ukakaa ukaandika kuhusu mzee na mteremko. Kila Jumapili ulimtuma Shangazi kwa Kalisti wa posta kuuliza kama kuna barua ya Tabora, na yeye akirudi mikono mitupu unasema, bado, mtoto anafikiri. Sikuwa nafikiri, Baba. Barua zako zilikuwa chini ya mto na mimi nilikuwa nasahihisha madaftari.

Nimekukasirikia sana. Nimelia kwa hasira kabla ya kulia kwa uchungu. Kwa nini ulifanya mchezo? Ungeandika neno moja tu, njoo. Ningeacha mtihani, ningeacha chuo, ningekuja hata kwa miguu.

Hivyo ndivyo ninavyomwambia Shangazi na kila anayekuja kunipa pole. Wewe siwezi kukudanganya. Uliniuliza, nikajibu. Sijui kama ningekuja, Baba. Sijui.

Binti yako,
Emerensiana