Nimejitoa Mwenyewe

Mbeya, Jumapili

Shikamoo Mama,

Sisi wazima, ila baridi ya huku inaishinda hata ya kwetu Iringa.

Jana tulicheza mpira wa kikapu na wasichana wa hapa. Kipindi cha pili lile goti langu bovu likavimba. Kwa kuwa timu yetu haina kocha ila mimi, hapakuwa na wa kunitoa, nikajitoa mwenyewe. Nikamwita Leokadia, mdogo kuliko wote.

“Dada, naogopa,” akaninong'oneza.

“Ogopa tu, lakini mpira usiuachie.”

Tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Dakika ya mwisho akapenya katikati ya warefu wawili, akafunga! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Miaka yote niliyocheza sijawahi kufurahia hivyo kikapu ambacho si changu.

Wenyeji wametupikia wali wa mchele wa Rujewa kwa kuku, wasichana wangu wamekula hadi wanasinzia mezani.

Mama, kila siku unaniuliza nitaacha lini kucheza. Nimeacha jana. Usinihurumie, maana kesho asubuhi nawafundisha kudaka.

Nisalimie Baba, na Mungu akutunze.

Mwanao akupendaye,
Yustina