Bismillahi Moja kwa Rundo Lote

Kabondo, Kisangani

Kwa mama yangu mpenzi, huko Kasongo,

Salamu nyingi, Mama. Je, miguu yako imepata nafuu? Na Bibi bado anafukuza mbuzi wa jirani kwa mwiko? Mimi na watoto tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Lakini kaka yako, Tonton Sefu, ametutoka. Njia zilifungwa na vita, ndiyo maana habari imechelewa.

Najua swali lako la kwanza, maana Bibi naye ataliuliza: alipata sanda? Siku hizi za uasi wengi wanazikwa na nguo walizoanguka nazo. Nitakujibu, lakini kwanza nikueleze mambo ya atelie yake ya kushona, la sivyo hutaelewa.

Unajua nilikuwa nakaa pale mlangoni nikitia vifungo. Tangu Uhuru watu walitaka nguo mpya kila sikukuu, na kila sikukuu sisi tulichelewa. Wateja waligomba, na Tonton akaazimia kununua cherehani ya tatu. Mimi nilicheka moyoni, maana hizo mbili zenyewe zilikuwa zinalala. Papa Isaka, fundi wetu mtu wa Yanonge, alisinzia juu ya cherehani huku vitambaa vimejaa mezani. Vilikuwa vinangoja mdomo wa mtu mmoja. Kwetu hakuna aliyethubutu kutia mkasi kabla Tonton hajashika kitambaa na kusema bismillahi, kimoja kimoja, kisha akate mwenyewe. Na Tonton, unamjua, hakukosa msiba wa mtu. Akisikia kilio Kabondo anaacha mkasi, anakwenda, na sisi tunakaa tukitazamana.

Siku moja nikamwambia, "Tonton, Mama akipika wali anasema bismillahi moja kwa chungu chote. Hasemi kwa kila punje ya mchele."

Alicheka mpaka akavua kofia. "Weye mutoto ya dada yangu! Unataka kunifukuza ku kazi yangu?"

Lakini kesho yake alipanga vitambaa vyote vya siku hiyo rundo moja, akaweka mikono miwili juu, akasema bismillahi kwa sauti, sote tukasikia. Akampa Papa Isaka mkasi. "Bon, kata." Tangu hapo nguo zikawa zinatoka kabla mwenyewe hajaja kuziulizia. Cherehani ya tatu haikununuliwa. Naye Tonton akawa huru kwenda kwenye misiba ya watu.

Mama, hapo ndipo panaponiuma. Asubuhi ile alisema bismillahi yake kama kawaida, akatoka kwenda kumzika jirani, na risasi ikampata njiani. Hatujui ilitoka upande gani. Nawaza kila siku: kama vitambaa vingekuwa vinamngoja bado, labda angechelewa kutoka. Halafu najijibu kwamba hata zamani vilimngoja na bado alikwenda. Jibu hilo halinitoshi.

Maduka yalikuwa yamefungwa, mengine yamevunjwa. Kitambaa cheupe hakikupatikana. Ndipo Papa Isaka akakumbuka jora la bafta lililokuwa chini kabisa ya rundo letu la asubuhi ile, mali ya mzee mmoja aliyeagiza kanzu za Idi, yake na za wanawe. Nikamkimbilia mzee huyo kumwomba.

Akasema, "Kamata, mama. Kanzu itangoja. Leo iko sanda yake."

Tukaitandaza bafta mezani. Papa Isaka akashika mkasi, akasimama tu. Kwa mazoea alikuwa anangoja, na sisi sote tulikuwa tunangoja. Nikamwuliza kama nimwite mwalimu wa msikiti aje aisomee. Papa Isaka, mtu wa kanisa, akatikisa kichwa huku machozi yanamtoka.

"Hapana. Hii ilikuwa ndani ya rundo. Papa Sefu alisha kuisomea asubuhi, sisi wote tulisikia."

Akakata.

Nisalimie Shangazi msuka mikeka, na mdogo wangu umwambie asije huku mpaka njia itulie. Atelie iko wazi, na asubuhi mikono inayowekwa juu ya rundo ni yangu. Bibi usimsomee barua hii ukiwa umesimama. Kaa karibu naye, umshike mkono, umwambie mwanawe alizikwa na sanda, na bismillahi yake aliisema mwenyewe.

Mwanao, mtia vifungo,
Mwajuma