Tundu Lenye Kiu Bafuni kwa Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu za mdogo wako anayekuandikia vidole vikiwa bado na saruji. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wanangu je, yule mdogo ameacha kukohoa? Sisi wazima. Goti linamsumbua mama asubuhi, ila ulimi wake hauna maradhi yoyote.

Najua swali lako kabla hujauliza. Mama alipoteleza bafuni ulisema nyumba imechoka, hakuna haja ya kuitia viraka, aje akae kwenu. Nikakuomba mwezi mmoja wa kulitengeneza bafu. Siku ile, ulipokata simu, mama alikwenda kufagia ua uliokwisha kufagiliwa. Basi mwezi umeisha jana.

Nilivunja sakafu yote. Mabomba ya chuma yalikuwa yameliwa na kutu, unayavunja kwa mkono. Nikalaza mapya, pimamaji mkononi kila hatua, maana mteremko ukizidi maji hukimbia yakaacha uchafu nyuma, na ukipungua vyote vinalala njiani. Nikaweka choo cha kukalia, vyuma vya kushikia ukutani na vigae visivyoteleza. Kiwiko, yule mzee aliyenifundisha kazi na kuniambia siku ya kwanza kwamba mikono yangu ni ya kusukia nywele, alikuja kukagua. Akazunguka mara mbili, asipate kasoro. Kaka, kichwa kilinivimba!

Unajua mama hajawahi kunitaja kwa kazi yangu. Majirani wakiuliza, husema "yupo yupo tu." Nilitaka aone, nikamwita.

Nikaflashi. Maji ya choo yakashuka. Unaukumbuka mlio ule? Glo, glo, glo, kutoka kwenye tundu la kutolea maji sakafuni. Muda si muda ikaja harufu ileile ya utoto wetu. Nilitamani sakafu inimeze, na sakafu yenyewe nimeijenga mimi.

Mama wala hakushtuka. Alichukua kopo lake la bluu nyuma ya mlango, akamimina maji tunduni. "Mbona hukulinywesha?" akaniuliza. Sheria ya nyumba unaijua: ukiflashi, unalinywesha tundu, la sivyo hupati chai. Wageni walidhani ni adabu zetu. Mimi ni fundi mwaka wa kumi na moja huu, na bado nilidhani ni adabu.

Kiwiko alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. "Mama yako amekuzidi ufundi," akasema. "Chini ya tundu bomba limepinda, maji hubaki pale yakazuia harufu. Choo kikishusha maji kinavuta hewa. Kikiikosa kutoka juu, kinanyonya yale maji ya tunduni. Mwenzio anayarudisha kwa kopo. Sasa niambie, bomba lako la hewa linatokea wapi?"

Kwenye paa, nikamjibu. Ni lile la baba, la ndani ya ukuta. Nililiunganisha na mabomba mapya bila kulikagua, kwa sababu ni la baba. Ingekuwa nyumba ya mteja ningeanza kwa kupanda huko juu.

Nikaegemeza ngazi, nikapanda. Nililikuta limefunikwa kwa kopo la maziwa ya unga, limepakwa lami, limefungwa waya mizunguko mitatu kwa fundo la baba, ncha imekunjwa ndani isimchome mtu. Unamjua marehemu, akiona tundu lazima azibe. Aliogopa mvua na panya. Alikuwa anatulinda, masikini, akatunusisha uvundo miaka thelathini! Nililia na kucheka palepale juu ya bati. Nawe usicheke sana, mama anasema wewe ndiye uliyeshika ngazi siku alipoliziba.

Nikaling'oa kopo, nikalirefusha bomba kidogo, nikaweka wavu wa chuma mdomoni. Hewa inapita, na panya wa baba hawapiti.

Niliposhuka, mama alikuwa mlangoni, kopo la bluu limejaa, ametega sikio. Nikaflashi. Kimya. Nikaflashi tena. Maji ya tunduni yalitikisika kidogo, yakatulia. Hakuna mlio, hakuna harufu. Kiwiko alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Mimi nilikuwa najivuna na kuogopa kwa pamoja, nikimtazama mama usoni.

Akayamwaga maji yake kwenye ua la dirishani, polepole, mpaka tone la mwisho.

Nisikuchoshe. Mbusu wifi yangu kwa niaba yangu, na watoto waambie shangazi yao amepanda juu ya paa. Kiwiko anakusalimu, anasema ukija usiende kushika ngazi ya mtu. Mungu akulinde huko uliko, akupe kazi njema na usingizi mzuri, akurudishe tukuone ukiwa na nguvu zako.

Salamu za mama nakupa kama alivyonituma, neno kwa neno, alipokuwa akinikabidhi kopo tupu: "Mwambie kaka yako, chumba alichoniandalia awape watoto. Mimi nina fundi hapa."

Wako akupendaye,
Fundi wa Mama