Maua ya Juu ya Paa

Dodoma

Kaka Shemweta, shikamoo. Mimi ni mzima, hilo ulijue kwanza. Magoti ya mama yanaendeleaje? Shemeji amejifungua salama? Barua hii isome peke yako. Mama msomee salamu tu, pale penye damu paruke.

Unajua nilishajenga. Nyumba za huku ni tembe, paa lake bapa: boriti, fito, halafu udongo mzito juu. Nimeijenga kwa jasho la kubeba reli, na aliyenisaidia ni mmoja tu, baba mkwe, Mzee Ndahani. Yeye ndiye aliyenichagulia miti isiyoliwa na mchwa. Sasa mtu wa milimani kwetu atakaaje nyumba isiyo na ua hata moja? Lakini huku ukipanda chini, mbuzi wanamaliza kabla hujafuta jembe. Nikayapanda maua juu ya paa, mekundu, ya njano na yale ya zambarau. Kila jioni nikapandisha mitungi minne ya maji tuliyoogea.

Mzee Ndahani akipita na ng'ombe alikuwa akicheka. "Mkwe, hii ni nyumba au ndama? Mbona unainywesha?"

"Inakunywa kidogo tu, baba."

"Tembe hainyweshwi. Hata mvua ikizidi, sisi hupanda kuyaondoa maji."

Nikamwona mzee asiyejua uzuri. Kiangazi hiki nchi nzima imekauka, paa langu peke yake linawaka rangi, linaonekana tangu relini.

Ndilo lililoniponza. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja kwa garimoshi, na bibi wa boma, mke wa bwana shauri, Mjerumani anayetutawala, akataka baraza lake lipambwe. Wakaja askari watatu na majembe kuyang'oa maua yangu, mkubwa wao ombasha.

Nikawaambia, "Ngojeni niyashushe mwenyewe. Paa lina udongo na maji ya jana. Mkiongeza watu watatu, boriti hazihimili. Nimepiga hesabu."

"Mshenzi, unanifundisha hesabu?" Ombasha akanipiga kitako cha bunduki mdomoni. Meno mawili nikayatema pale pale. Nikamng'ang'ania mguu akipanda, mwenzake akanikanyaga mkono hadi kidole kikaalika. Mke wangu Nyemo alikuwa ndani anasaga mtama, mtoto mgongoni. Nikapiga kelele, "Nyemo, toka!" Jiwe la kusagia lilikuwa linaunguruma, hakusikia.

Paa likashuka lote.

Nilichimba kwa mikono, kaka. Nyemo nikamtoa mguu umevunjika, mtoto puani amejaa udongo mpaka Mzee Ndahani, aliyekuja mbio kutoka machungani, akaunyonya kwa mdomo wake na kuutema, mtoto akalia. Askari mmoja boriti ilimvunja shingo, akafa. Ombasha akatoka mzima kwenye udongo, akaanza kumpiga yule mzee, mtoto akiwa bado mikononi mwake.

Bomani bwana shauri akauliza kwa mkalimani, "Nani ametega mtego huu?" Kabla sijafungua mdomo wangu uliovimba, mzee akasema, "Paa ni langu. Boriti zimeliwa na mchwa." Wakamlaza chini, wakampiga viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na vitano, wakamtia mnyororo shingoni. Nikasema, "Si yeye!" Nikalazwa nami, nikapata vyangu.

Halafu bibi wa boma akatoa neno lake. Niyahamishe maua yaliyopona hadi barazani kwake. Mgeni akiyakuta yamesimama, mzee atafunguliwa. Yakinyauka, atapelekwa pwani na mnyororo wake. Aliyepelekwa hivyo hapa hajarudi hata mmoja.

Basi nikabeba maji kwa mkono ule uliovunjika kidole, mgongo wangu umeshikana na shati. Uani nilisikia kiboko, mzee simsikii. Asubuhi moja ombasha akaja akapiga teke sanduku moja la maua, likapinduka. Nikasimama na jembe mbele ya yaliyobaki. "Piga lingine," nikamwambia. Tukatazamana. Ningempasua kichwa, kaka, Mungu ananisikia. Bibi akakohoa dirishani, ombasha akaenda zake.

Mgeni akafika. Akapita barazani bila kugeuza shingo, akazima sigara yake kwenye udongo wa maua, akaingia kula.

Mzee wakamfungua. Shingo ni kidonda kitupu, kusimama hawezi. Nikambeba mgongoni, kidonda juu ya kidonda, kumpeleka kwa binti yake. Njiani akaniuliza sikioni, "Yalisimama?"

"Yalisimama, baba."

Tukaendelea mpaka tukaona vifusi vya nyumba. Kisha akasema, "Safari hii panda chini. Mbuzi nitawafunga."

Msalimie mama, shangazi mfinyanzi, na mjomba wa mizinga ya nyuki. Mwambie shemeji mtoto nitamwona nikijaliwa. Nyemo anawasalimu, ameanza kukaa kitako.

Ni mimi mdogo wako niliyepungua meno,
Mhina