Antena Uliyoieleza Kanisani

Baba,

Rufaa tumeshindwa. Nakwambia mapema kwa sababu hukupenda kuzungushwa.

Wale wa kampuni iliyopinga hataza yako, ile haki ya kulinda uvumbuzi, hawakubisha kwamba redio ile ya mawasiliano uliibuni wewe, wala kwamba kwa kitufe kimoja antena inakaa sawa ukiongea na ukisikiliza. Hoja yao ilikuwa moja tu: uvumbuzi ukielezwa hadharani, mwaka ukapita kabla hujaomba hataza, umekuwa wa kila mtu. Nawe uliueleza kanisani Nunguni wakati wa ushuhuda! Wenzako wanamshukuru Mungu kwa ng'ombe aliyepona, wewe ukamshukuru kwa koili, waya uliouzungusha mwenyewe. Ukafungua redio mbele ya watu, ukaonyesha kila waya unaenda wapi, mpaka pasta akaanza kukohoa. Halafu ukasubiri mavuno upate ada, na ya mwaka uliofuata tena, ndipo ukapeleka maombi. Nilikukasirikia, sitaficha.

Wakili wetu alisema tuna tumaini moja. Kama hakuna aliyekuelewa siku ile, basi hukufichua kitu. Pasta akaapa hakuelewa. Wanakwaya wakaapa vivyo hivyo, na ilikuwa kweli tupu. Tulikuwa tunashinda, Baba. Wa mwisho akawa Mama, nami sikuwa na wasiwasi, kwani si yeye aliyekuwa akikufokea uondoe vyuma vyako mezani ili watu wapate kula?

"Mimi nilielewa," akasema. "Koili ni ileile, sauti ikienda na ikirudi. Mzee wangu alieleza vizuri sana."

Wakili alifumba macho. Mimi nililia palepale. Miaka yote ulilalamika kwamba nyumba hii haina mtu wa kukuelewa, kumbe yuko jikoni anasonga ugali. Tulipofika mjini Wote nikamuuliza mbona hakuwahi kukwambia. Akasema ulikuwa unafurahia kueleza, angekukatiza wa nini.

Sasa fundi yeyote ataitengeneza, yule wa kule Zombe ameshaanza, na jina lako halitakuwepo popote. Hilo linaniuma sana. Mama halimuumi, anasema hakwenda kule mahakamani kukuita mtu asiyeeleweka.

Pumzika kwa amani, Baba. Ile redio ya masafa marefu uliyoiacha nusu nimeishika mimi. Nakuahidi nitaiandikisha kwanza, ndipo nisimame kanisani. Kabla ya hapo nitamweleza Mama peke yake, waya kwa waya, naye atanisikiliza kama hajui.

Binti yako,
Mwende