Kamera Iliyovaa Buti

Nekesa, mjukuu wangu,

Sisi wa Bumula hatujambo. Mahindi yamebeba, na babu yako bado anagombana na redio yake. Unauliza ubandike nini kwenye kamera yako ya zamani, pale mvukuto wake wa ngozi, ule unaokunjuka na kukunjika nyuma ya lenzi, unapopitisha mwanga.

Nikiwa msichana wa sekondari Kitale, mjomba wangu mpiga picha alikuwa na kamera kama hiyo. Picha zikaanza kutoka na michirizi myeupe, na nyanya yangu alikuwa njiani kutoka Misikhu, aje apigwe picha ya kwanza maishani mwake. Tukazima taa, nikaingiza tochi ndani ya mvukuto, na tundu likaonekana kwenye mkunjo. Nikaliziba kwa kiraka cha ngozi nene ya kiatu. Mwanga ukakoma, lakini kamera ikakataa kufungika.

"Fundi, si umeivalisha buti bana," mjomba akacheka.

Nikakibandua kiraka, nikakikwangua kwa kigae cha chupa hadi kikalegea kama sikio la mbuzi. Safari hii kikakunjika pamoja na mvukuto.

Kwa hiyo tafuta ngozi nyembamba. Na ukipita picha ya nyanya yangu ukutani kwenu, tafuta mchirizi. Hutauona.

Ni mimi, nyanya yako.